Bibi Anakwenda Upande Gani

Jumapili, 2 Machi

Nimepata kazi! Mimi, Aatu, ambaye chuo cha uchomeleaji kilinishinda — sawa, mimi ndiye niliyekishinda, maana nilitoka kabla hakijanitoa — leo nimefanywa mpelelezi wa nchi mbili. Kwa chakula na malazi. Nani mwingine kijiji hiki?

Ilianzia kwenye kahawa. Mama alikuja na gari kutoka Tornio mjini. Mama Mkubwa Raili akavuka mto kwa miguu juu ya barafu kutoka kwake ng'ambo, Uswidi. Jumapili zote hawa wawili hunywa kahawa bila kutazamana. Leo wakatazamana. Hatari!

Habari yenyewe ni Bibi Elvi. Tangu ateleze Januari akienda kuoga mvuke kwenye sauna, nyonga yake haijakaa sawa. Mabinti zake wameamua kwamba hawezi kuendelea kukaa hapa na "huyu mtoto". Huyu mtoto ni mimi. Nina miaka kumi na tisa na ndevu, ukizisogelea unaziona.

Mama anataka Bibi ahamie kwenye jengo lake la fleti. Lifti ipo, zahanati iko mkabala. Mama Mkubwa anamtaka kwake, katika kile kinyumba cha uani tunachokiona kutoka dirisha la jikoni. Basi wakaanza. Kwetu Uswidi wazee wanatunzwa hivi! Kwetu Ufini vile! Foleni ya daktari kwenu! Bei ya umeme kwenu! Ilikuwa kama mpira wa magongo wa barafuni, ila hakuna refa na wachezaji wote wameshika visu vya siagi.

Bibi alikuwa anazamisha vipande vya jibini kwenye kahawa yake, desturi ya huku. Mwisho akasema: Aatu akakae wiki huku na wiki kule, arudi anipe habari. Mama akauliza, kwa nini Aatu?

"Ana tumbo, ana macho, na akili hazimsumbui."

Sifa kubwa hiyo! Hata Bibi mwenyewe alicheka.

Ila kuna jambo. Bibi akiondoka, nyumba itauzwa. Na mimi nalala darini mwa nyumba hiyo. Na nani atanitukana asubuhi? Nimelifukuza wazo hilo kwa kipande kingine cha jibini. Limerudi. Nimekula kingine.

Jumanne, 4 Machi

Tornio, kwa Mama, fleti ya juu. Lifti — safi! Nimepanda na kushuka nayo mpaka jirani mmoja akanitazama. Hakusema kitu. Hakuna anayesema kitu. Watu wanne ndani ya lifti, wote wanakagua viatu vyao kama vimeibiwa dukani. Nikawaambia, "Habari za jioni, watu wangu!" Mmoja akabonyeza kitufe akashuka. Sidhani kama ghorofa ile ilikuwa yake.

Nikamsimulia Mama. Akasema kwa kiburi: sisi ndio nchi yenye furaha kuliko zote duniani, imepimwa. Imepimwa wapi? Si kwenye lifti hiyo!

Leo ni Jumanne ya maandazi, Kwaresima inaingia. Mama ameyajaza krimu na jamu ya rasiberi. Nimekula mpaka mkanda umelalamika. Alama kwa Ufini.

Halafu sauna. Ipo chini ya jengo, na kila fleti ina zamu yake, saa moja kwa wiki. Ya Mama ni Jumanne. Nikiwa benchi la juu, jasho ndiyo kwanza linatoka, mlango unagongwa. Mzee mmoja na taulo shingoni: "Zamu yangu." Nikamwambia karibu, Mzee, nafasi ipo. Akasimama pale pale mlangoni, uchi na taulo, anasubiri nitoke. Mwenye furaha yule!

Jumamosi Mama haogi humo. Jumamosi ndiyo siku ya sauna, anaendesha gari mpaka kwa Bibi akaoge ya pale. Kila wiki, tangu sijazaliwa. Nilimuuliza, Bibi akihamia hapa tutaogea wapi Jumamosi? Akasema, "Tutaomba zamu." Akaosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Alhamisi, 6 Machi

Supu ya njegere, haradali, chapati nene ya maziwa ya kuoka. Alhamisi ni Alhamisi, kwetu kila wiki ni supu hiyo.

Nimeenda zahanati kupima ubora wa huduma. Sina ugonjwa, nikawaambia kidole kinauma. Nimehudumiwa vizuri tu. Nesi akasema nipunguze kukibonyeza. Alama nyingine kwa Ufini.

Jioni Mama alifunguka kidogo. Kwake kufunguka ni sentensi tatu. Raili alivuka mto akiwa na miaka kumi na minane, akafuata mishahara ya kule. Yeye, mdogo, akabaki na Babu mgonjwa, na theluji ya kusukuma, na Bibi. Na sasa Raili ana kinyumba cha uani chenye sakafu ya joto. "Sakafu ya joto," akarudia, kama mtu anayetaja jina la mwanamke mwingine.

Nilitaka kumchekesha nikashindwa. Mimi! Nimeshindwa kumchekesha mtu! Nimelala mapema kwa aibu.

Jumamosi, 8 Machi

Uswidi! Nimevuka barafu na begi mgongoni. Katikati ya mto nikarudisha saa nyuma kwa saa moja, ndiyo saa ya Uswidi, kwa hiyo nimezidiwa umri saa moja na nafsi yangu. Sijui kama nimesema sawa. Bibi angecheka.

Hapa watu wanaongea. Wanaongea! Mama Mkubwa alinikumbatia, mumewe Kjell akanikumbatia, nikadhani kuna msiba. Kjell ametokea kusini huko, mstaafu, mpole kama maji ya vuguvugu. Kila kitu kwake ni "tukae tulizungumze". Tulikaa tukazungumza nilale chumba gani. Vyumba vyenyewe viwili. Tulikunywa kahawa mara mbili kabla hatujaafikiana.

Jumamosi ni siku ya peremende. Wazee wazima! Kjell ana bakuli lake, Mama Mkubwa lake, na mimi nikapewa langu. Ila peremende zao nyeusi hazina chumvi ya maana, si kama za kwetu zinazochoma ulimi. Nilizotoka nazo nyumbani nikampa Kjell moja. Macho yake yaliingia ndani yakatoka tena. Akasema, "Inavutia." Kwa Waswidi maana yake ni: nisaidieni.

Halafu wakawasha sauna yao kwa heshima yangu. Ya umeme. Lo! Ukiweka yai humo linaanguliwa kifaranga, haliivi. Nimekaa nikisubiri ipate moto, Kjell akaniambia tumeshamaliza. Akanishukuru kwa kuoga naye. Ufini inaongoza.

Jumatatu, 10 Machi

Ndugu yangu Sixten amekuja, mtoto wa Mama Mkubwa. Anafanya kazi mgodini huko kaskazini. Gari jipya, meno mapya, ugoro chini ya mdomo.

"Wee Mfini! Bado unalala kwa bibi yako?"

"Bado. Na wewe bado unaomba kibali kwenye kikao kabla ya kujamba?"

Tukashikana mieleka kwenye theluji. Nilishinda. Yeye ataandika kwake kwamba alishinda yeye, lakini hana shajara, kwa hiyo nimeshinda.

Akanitembeza na gari lake la umeme, halina sauti, kama kupanda friji. Anasema kwao hata mkubwa wa mgodi unamwita kwa jina lake. Nikamwambia kwetu pia, tofauti ni kwamba wetu haitiki. Anasema kwao mwanamume akipata mtoto anakaa nyumbani miezi na miezi, analipwa. Nikamwambia kwetu pia! Anasema kwao shule bure. Kwetu pia, na chakula cha mchana juu. "Na kwetu!" Tulizunguka hivyo mpaka mji wa Övertorneå na kurudi, kila mmoja akipiga kifua kwa kitu kile kile. Watani ni watani.

Mwisho akaacha utani. Kule mgodini wanatafuta vijana wa kujifunza kazi. Bibi akija Uswidi na mimi nije, kinyumba cha uani kina vyumba viwili. Mshahara alionitajia — nilijifanya nasikia mara kumi yake kila siku. Miguu yangu ilikuwa inacheza chini ya kiti.

Bibi, mimi, sakafu ya joto, gari la friji! Kwa nini nisifurahi? Nimefurahi. Mno.

Mama je.

Alhamisi, 13 Machi

Supu ya njegere. Haradali. Chapati nene ya maziwa! Nimecheka mpaka Kjell akauliza kama niko sawa. Mama Mkubwa akasema kwa kiburi, hii ni mila ya Uswidi. Pishi ni lile lile la Bibi, Mama Mkubwa! Hata kile kijiko anachopiga ukingoni mwa sufuria mara akimaliza kukoroga — Mama anakipiga vile vile.

Na maandazi ya Jumanne ile ya Kwaresima Mama Mkubwa aliniwekea kwenye jokofu. Ya kwao hayana jamu, yana lozi zilizosagwa. Nimekula mawili kwa ajili ya upelelezi. Ni matamu. Haya yabaki humu humu!

Jumapili, 16 Machi

Nimetoa ripoti. Jikoni kwa Bibi, Mama upande huu, Mama Mkubwa upande ule, Kjell na kalamu yake. Nilisimama. Niliweka mkono mmoja mfukoni kama waziri.

Nikasema: Ufini hawaongei, Uswidi hawanyamazi. Ufini jamu, Uswidi lozi. Lifti ya Ufini inapanda vizuri, sakafu ya Uswidi inapasha vidole vyote kumi. Daktari wa Ufini anakuambia acha upuuzi. Wa Uswidi, Kjell ameniambia, anakuuliza wewe mwenyewe unajionaje. Supu sare. Peremende Ufini. Magari Uswidi. Kukumbatiwa Uswidi. Kuachwa kwa amani Ufini.

Bibi akauliza, "Na sauna?"

Nikasema ukweli. Kwa Mama ni saa moja kwa wiki na mzee wa taulo mlangoni. Kwa Mama Mkubwa ni kuangulia vifaranga.

Mama Mkubwa akanitazama vibaya. Kjell akaandika kitu.

Bibi akazamisha jibini. Tukasubiri. Kisha akasema, "Nitakwenda itakapokwenda sauna yangu." Ile ya nje, ya magogo, aliyoijenga Babu, hapo ukingoni mwa mto. Humo ndimo walimozaliwa Mama na Mama Mkubwa wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kabla gari la hospitali halijaifahamu njia ya huku.

Kila mtu akapiga hesabu ile ile. Sauna ya magogo haipandi lifti. Lakini uani kwa Mama Mkubwa nafasi ipo, na mto bado umeganda, na zamani watu walivusha nyumba nzima kwa farasi.

Mama Mkubwa akafunika mdomo kwa mkono, machozi ya furaha. Mama akasema, "Basi." Akavaa koti. Akaondoka, kikombe kimebaki mezani kimejaa.

Kwetu mtu haachi kahawa. Hata nyumba ikiungua anamaliza kwanza. Nilitoka nje nikasimama njiani. Alikuwa ameshakata kona.

Jumatano, 19 Machi

Kikao cha kuvusha sauna. Kjell amekuja na mpango wa rangi nne na keki. Mzee Tauno, jirani yetu mwenye trekta, amekuja na Mzee Tauno tu.

Kjell: tuzungumze kwanza kila mmoja anajisikiaje kuhusu kazi hii. Mzee Tauno akatazama dirishani. Kjell: hatari zipo za aina tatu. Mzee Tauno akachukua keki. Kjell: je, barafu tumeipima? Mzee Tauno akatikisa kichwa kuelekea mto, maana yake mto uko pale, kapime. Wakaenda. Kjell akatoboa mashimo na mashine yake, akapima, akaandika. Mzee Tauno akaruka mara moja, akasikiliza, akasema, "Inatosha." Majibu yakalingana! Kjell aliumia kidogo, nilimwona.

Siku gani? Kikao kizima kikazunguka hapo. Wiki ijayo kuna joto, wiki hii Kjell ana zamu ya kanisani. Mzee Tauno akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu keki. "Jumamosi. Asubuhi." Wote wakaitikia. Kjell akaipaka rangi ya kijani.

Nimempigia Mama kumwambia. Akasema, "Aha." Nikamwambia sauna itapendeza sana kule. Upumbavu gani huu! Akasema, "Kula vizuri." Akakata.

Ijumaa, 21 Machi

Mikono yangu! Tumeinyanyua sauna kwa jeki, kona baada ya kona, tukasukuma magogo mawili marefu chini yake ya kutelezea, kama sleji. Sixten amechukua likizo kuja kusaidia. Anaamini kazi ni ya misuli, mimi ni wa akili: nilishika taa.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha kuteleza, kile unachosimama nyuma ukapiga teke theluji kiende, anatoa amri. "Kushoto! Kushoto kwangu, we mbilikimo!" Sauna ikatoa sauti, kraa, kama mzee anayeinuka, ikaachana na ardhi. Tukapiga kelele wote! Hata Mzee Tauno alisema "No niin", maana yake haya sasa, kama hotuba.

Pale ilipokuwa pamebaki mraba mweusi. Udongo mtupu, na jani la majira fulani ya joto. Sikupatazama sana.

Kesho ndiyo kesho.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika juu ya mto. Si kwa maneno ya ushairi — nimekaa kwenye ngazi ya sauna, na sauna iko katikati ya mto! Penseli, maana kalamu imeganda. Ngoja niandike kwa mpangilio.

Asubuhi jua, theluji inawaka mpaka macho yanatoa machozi. Watu wamejaa kingo zote mbili na chupa za kahawa na soseji. Mzee Tauno akafunga minyororo, akapanda trekta, hakuaga mtu. Nikapanda juu ya paa kushikilia bomba la moshi. Hakuna aliyenituma. Lakini bomba linahitaji mtu na paa linahitaji nahodha!

Ikaenda! Nyumba inatembea jamani! Magogo yanaimba juu ya barafu, mimi juu nimenyoosha mkono kama sanamu, Sixten anakimbia pembeni akinirushia theluji: "Shuka, mfalme wa masizi!" Nikamwambia piga magoti kwanza. Mbwa wa kijiji chote nyuma yetu. Bibi nyuma ya mbwa, nimemkabidhi Kjell amsukume, na Kjell anasukuma taratibu, anamwuliza kila hatua kama kasi inamfaa. Bibi akampigia kelele kama farasi.

Katikati, pale mpaka unapopita, trekta likapita salama, sauna ikazama. Si kwenye maji yenyewe! Maji yalikuwa yamepanda juu ya barafu na kujificha chini ya theluji, uji mtupu. Magogo yakakaa humo, yakagoma. Mzee Tauno akavuta. Mnyororo ukalia. Akashuka, akatazama, akatema mate. "Mbao." Akarudi ukingoni kwetu kutafuta mbao.

Basi tukasubiri. Soseji, kahawa. Jua likageuka. Mzee Tauno si mtu wa haraka, alileta mbao mbili mbili. Kjell akaanza kuzunguka sauna na mashine yake ya kutoboa. Barafu yenyewe nene, akasema, lakini mzigo ukisimama mahali pamoja muda mrefu, barafu inainama chini yake, kama kitanda. Anasema tusikae mpaka jioni. Alisema kwa upole sana, ndiyo maana nikaogopa.

Ndipo nikamwona Mama.

Anatoka upande wetu, kwa miguu juu ya barafu, peke yake, kofia yake nyekundu. Nikajua anakuja kugombana. Mama Mkubwa naye akajua, nikamwona anajinyoosha mgongo. Watu wa kingo zote wakatega masikio, maana tangu zamani hakuna redio kama hawa wawili.

Mama akafika. Hakumtazama mtu. Begani ana taulo, na mkononi ndoo yake ya kuogea.

"Leo si Jumamosi?" akasema.

Mungu wangu! Jumamosi! Kikao kizima, rangi nne, keki, na hakuna kichwa kimoja kilichokumbuka kwamba tumeing'oa sauna siku ya sauna! Pande zote mbili za mto hakuna mtu aliyewahi kufanya kosa hilo. Sixten akajishika kichwa. Mzee Tauno akavua kofia, nusura aombe radhi.

Mama Mkubwa akabaki amesimama. Halafu akafungua begi lake kwenye sleji. Akatoa taulo. Alikuwa amekuja nalo, bila kujua kwa nini, mazoea tu.

Bibi akasema, "Aatu. Washa."

Nimewasha mimi! Kjell akasema samahani, samahani, mzigo, barafu, na sasa moto? Bibi akamwambia, "Kjell, mwanangu, umeshawahi kuona Jumamosi ikisubiri?" Nilitoboa shimo la maji hapo hapo, nikajaza pipa, nikapanga kuni zilizokuwemo. Mawe yakaanza kupiga kelele. Moshi ukapanda wima katikati ya nchi mbili, haukulalia popote. Watu wakapiga makofi!

Wanawake kwanza, ndiyo desturi. Wameingia watatu, Bibi katikati, ameshikwa mkono huu na huu. Na ndani ya sauna hakuna kugombana. Nje kama mnataka, humo hapana, hata Babu alikuwa anajua.

Mwanzo nilisikia maji tu yakimwagwa juu ya mawe, shaaa. Kisha Mama akasema kitu chini kwa chini kuhusu kikombe cha kahawa. Mama Mkubwa akajibu kwamba alikinywa yeye, kisipotee. Halafu sauti ambayo sikuitambua. Nilisimama nikitaka kumwita Sixten. Ilikuwa Mama anacheka! Wanacheka wote wawili, wanazidiana, mmoja anakohoa, na Bibi anawatukana kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hata humu.

Sijawahi kusikia hivyo tangu nizaliwe. Nimekaa kwenye ngazi na meno yote nje kama mwendawazimu.

Sasa Mzee Tauno amemaliza. Mbao zimekaa mbele na nyuma. Amegeuza trekta ubavu. Amekuja kwangu: "Inatoka sasa. Huku au kule, kwangu ni sawa. Waulize." Kjell anatazama saa, anatazama uji wa theluji, anatazama saa. Umepanda kidogo kwenye magogo, hata mimi nauona.

Nimegonga ukuta. "Bibi! Mzee Tauno anauliza avute upande gani!"

Maji yakamwagwa juu ya mawe.

"Kuni zimekwisha," Bibi akasema. "Lete kuni. Au unataka tugande?"

"Nilete kutoka wapi? Kwetu au kwa Mama Mkubwa?"

"Wewe ndiye mwenye miguu."

Nikasubiri Mama aseme neno. Nikasubiri Mama Mkubwa. Wote wawili humo ndani wamenyamaza, na najua wanavyonyamaza, wanasikiliza.

Ni umbali ule ule. Nimepima kwa macho mara tatu. Kule ng'ambo kuni za Kjell, kavu, zimepangwa kama vitabu, na Sixten yuko ukingoni ananipungia mkono: njoo, njoo! Huku kwetu rundo lenye theluji juu, na mraba ule mweusi pembeni yake, na gari la Mama limeegeshwa mlango wazi, taa zinawaka. Amesahau kuzima.

Mzee Tauno amekaa kwenye trekta. Anatazama ncha za buti zangu, zitakakoelekea ndiko atakakovuta. Kjell pia. Hata mbwa.

Nimechukua sleji ya kuni. Kamba iko mkononi. Nimesema tu ngojeni kidogo, namalizia sentensi. Ndiyo maana naandika na naandika, sentensi yenyewe imeshakwisha zamani, na mle ndani Bibi anagonga ukuta tena na